Jua la Julai halimaanishi bahari shwari

Watu wengi wanaopanga kuzunguka Unguja na Pemba kwa boti huuliza jambo moja tu: mvua itakuwepo? Wakiambiwa Julai ni kiangazi, wanalipa. Mvua ni kweli haipo, ila Juni hadi Agosti ndipo upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu. Anga jeupe, mawimbi juu. Ukishavuka Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kuelekea Mkoani hakuna ardhi ya kukukinga mpaka uikaribie Pemba, na hapo chini ni kina cha mamia ya mita. Hata wenyeji wa meli hutapika, basi wewe wa bara ujiandae.

Kusi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo panga safari upande wa magharibi wa Pemba: kisiwa cha Misali na ghuba za Chake Chake na Wete hupata kinga. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi, hugeuza hesabu. Hapo ncha za kaskazini ndizo zinazopigwa. Mwenye hiari ya likizo achague tanga mbili, pepo zinapobadilishana, hasa Oktoba kabla vuli haijakolea.

Halafu kuna mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, maji yakikupwa boti hukaa mchangani, wanawake wakipita kwa miguu kwenda kwenye mashamba ya mwani. Ukimwambia nahodha "tuondoke saa tatu asubuhi", atakuuliza kwanza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame.