Simu Imegoma Kufunguka? Usikimbilie Kuifuta

Pesa za korosho zikianza kuingia, dawati letu la TEHAMA hapa chuoni Mtwara hugeuka zahanati ya simu. Watu huja kutoka Newala, Tandahimba na Nanyamba, wengine hutoka Mtama na Lindi mjini, na karibu wote huja na neno moja: "Imejifunga yenyewe."

Msimu mmoja alikuja mzee wa Tandahimba. Mjukuu wake alikuwa ameichezea simu usiku, akachora patani hovyo mpaka ikagoma. Asubuhi mzee akaipeleka kwa fundi. Fundi akabana vitufe vya pembeni, akafuta kila kitu, akalipwa chake. Simu ikawaka kama mpya, ikasalimia vizuri, halafu ikadai akaunti ya Google iliyokuwa ikitumika mwanzo. Mzee akanitazama usoni: "Mwanangu, mie nilinunua simu. Akaunti sikununua."

Hakuwa anatania. Huku kwetu simu nyingi huwashwa mara ya kwanza na kijana wa dukani. Mteja anawahi basi, kijana ana watu watatu wanaosubiri, anaweka barua pepe yoyote, anabuni nywila kichwani, anashusha WhatsApp, "tayari mzee." Mwenye simu anaondoka na kifaa, funguo zimebaki kaunta. Miaka miwili inaweza kupita bila mtu kugundua, mpaka siku simu inapouliza.

Kabla ya kufanya lolote, jua kilichofungwa ni kipi. Kama ni laini, jambo ni jepesi: ukikosea PIN mara 3 inaomba PUK, namba 8 zilizo kwenye kadi uliyobandulia laini, na ukiwa umeitupa kadi kampuni yako itakupa. Usibahatishe tu, maana PUK ikikosewa mara 10 laini hiyo imekufa, utahitaji nyingine.

Kama ni skrini, yaani patani au PIN ya simu yenyewe, kaa chini ujaribu kukumbuka. Nasema hivi kwa uzito. Kwenye simu nyingi za sasa, picha na meseji zilizomo ndani zimefumbwa kwa namna inayotegemea hiyo PIN, kwa hiyo anayekuahidi kuitoa na kukuachia picha zako zote mwulize mara mbili. Njia inayobaki kwa kawaida ni kufuta. Na kufuta ndiko kunakoamsha kufuli la tatu, la akaunti, lile lililomkamata mzee wetu.

Kufuli hilo limekuja na Android 5.1 mwaka 2015. Apple walitangulia na la kwao mwaka 2013, kwenye iOS 7. Limetengenezwa kwa ajili ya mwizi: akiiba simu na kuifuta kwa vitufe, aikute bado inadai akaunti ya mwenyewe. Simu haiwezi kujua kama aliyeifuta ni mwizi wa stendi au babu aliyeudhiwa na mjukuu. Ndiyo maana nasema usifute kabla hujawa na uhakika wa barua pepe iliyomo na nywila yake. Na kama umebadilisha nywila ya Google leo, ngoja saa 24 ndipo ufute.

Wapo mafundi wanaoruka kufuli hilo. Sigombani nao, lakini mteja aelewe anachonunua: amepata simu inayowaka, hajapata akaunti. Majina, picha zilizohifadhiwa kule mtandaoni na barua pepe bado ziko nyuma ya mlango uleule.

Basi mlango huo unafunguliwaje? Anza na laini. Mara nyingi namba ya simu ndiyo inayopokea tarakimu za uthibitisho, na bila hiyo unaweza kuzunguka bure. Kama laini imepotea pamoja na simu, chukua taarifa ya upotevu polisi, kisha nenda duka la kampuni yako ukiwa na namba ya NIDA na kidole chako. Tangu muda wa usajili wa alama za vidole ufike ukomo Januari 2020, laini iliyosajiliwa kwa jina lako inarudi kwako. Shida ni ile iliyosajiliwa kwa jina la shemeji au la wakala aliyekuwa na haraka. Bonyeza *106# leo, simu ikiwa bado mkononi, uone namba zipi ziko chini ya kitambulisho chako.

Laini ikishasimama, ingia g.co/recover. Hapa watu wengi hujiharibia wenyewe. Wanakwenda intaneti kafe, kompyuta ambayo hawajawahi kuigusa, wanajaribu mara kumi kwa dakika tano. Google haina karani anayekujua kwa sura, inapima dalili. Tumia simu au kompyuta uliyowahi kuitumia kuingia kwenye akaunti hiyo, ukiwa nyumbani au kazini, mahali ulipozoea kuingilia. Ikiuliza nywila ya mwisho unayokumbuka, andika ya zamani hata kama ilishabadilishwa. Inahesabika kuliko kuruka swali. Jibu kila kinachoulizwa, kwa kukisia pia. Ukiambiwa subiri, subiri, hata kama ni siku kadhaa. Kujaribu tena na tena kwa hasira hakukusogezi mbele.

Wenye iPhone wana njia ya ziada: ukiwa na risiti halisi ya dukani, unaweza kuwaomba Apple wakuondolee kufuli. Risiti, siyo kikaratasi kilichoandikwa "simu 1" kwa kalamu.

WhatsApp ni habari nyingine, maana yenyewe haishiki barua pepe, inashika namba. Ukinyang'anywa, ingia upya kwa laini yako, weka tarakimu 6 zinazokuja kwa meseji, na aliyekunyang'anya anatoka hapohapo. Kama alishaweka PIN ya hatua mbili usiyoijua, utangoja siku 7, lakini naye muda huo wote yuko nje.

Tarakimu hizo 6 ndizo matapeli wanazozitafuta. Anapiga mtu mwenye sauti ya kiofisi, anasema anakusaidia kurudisha akaunti, "nitajie namba iliyoingia sasa hivi." Hakuna ofisi ya Google wala ya WhatsApp inayokupigia Masasi kuulizia namba. Kata simu, kisha tuma namba yake kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kwa anayenunua simu iliyokwishatumika kutoka mkononi mwa mtu, usitoe hela mpaka muuzaji aingie kwenye mipangilio mbele yako, aondoe akaunti yake, aifute simu kutoka humohumo kwenye mipangilio, na wewe uiwashe hadi ufike mwisho. Akisema nywila ameiacha nyumbani, mrudishie simu yake.

Turudi kwa mzee. Nilimwambia arudi dukani alikonunua, akamtafute yule kijana. Bahati yake kijana bado alikuwepo, na alikuwa na daftari la kurasa mia. Akapiga simu kwetu, akatutajia barua pepe na nywila. Tukaingiza, simu ikafunguka. Dakika chache baadaye yakaanza kushuka majina: Mama Zainabu Chakula, Bosi Salafa, Dogo Bodaboda, mamia. Mzee akaanza kuyasoma kwa sauti. Wengi hakuwajua kabisa. Kijana alikuwa ametumia akaunti moja kwa wateja wake wote, na kila aliyehifadhi jina kwenye simu yake alikuwa akiwagawia wengine bila kujua. Majina ya mzee nayo yalikuwa kwa hao wengine, pamoja na namba ya mkewe.

Tukaiondoa akaunti ile siku hiyohiyo, tukamsaidia kufungua yake, kwa namba yake ya simu na namba ya binti yake kama akiba. Ilipofika sehemu ya nywila, akasita, akatutazama mmoja mmoja. Tukageuka kuangalia dirishani mpaka aliposema tayari.