"In credit" si deni, jamani

Nimeletewa tena picha ya bili ya gesi kutoka Uingereza, na swali ni lile lile: "Maalim, dada yangu anadaiwa pauni 84, afanye nini?" Hadaiwi! Bili imeandikwa "in credit". Kampuni ndiyo iliyoshika pesa zake. Akitaka ataomba arejeshewe, ingawa mimi ningeziacha hadi baridi ipite.

Kosa najua linakotoka. "Credit" tumeizoea benki, na huko ni mkopo. Tena sisi Zanzibar umeme wetu ni wa Tukuza, wa kulipia kabla: unanunua tokeni, unabonyeza tarakimu 20, yuniti zikesha giza. Hatukuzoea hesabu inayoweza kuelemea upande wowote.

Kule wengi hulipa kwa "direct debit". Kampuni inavuta yenyewe benki, mara nyingi kiasi kile kile kila mwezi, nyumba iwe na joto au baridi. Miezi ya jua gesi haitumiki sana, pesa zinajikusanya. Disemba na Januari zinaliwa. Kwa hivyo bili ya Septemba ikisema "in credit", ndivyo inavyotakiwa. Ikisema "in debit", yaani unadaiwa, wakati huo, hapo ndipo pa kushtuka.

Na hapa ndipo wanafunzi wangu wanaponichosha. Ukimwachia mwenye duka elfu kumi, ukachukua vitu vya elfu saba, naye hana chenji, jina lako linaingia daftarini. Umo daftarini, lakini anayedaiwa nani? Bili nayo ni daftari la kampuni, si lako wewe. Ukishajua daftari ni la nani, hutahitaji kukariri.

Mengine mepesi. "Due" ni deni lenye siku yake ya kulipwa, "overdue" siku hiyo imeshapita, "arrears" ni malimbikizo. "Outstanding" kwenye bili si sifa, wallahi. Ni deni ambalo bado halijalipwa. "Standing order" kiasi unapanga wewe, benki yako inapeleka.

Linalonishinda mimi ni "balance". Vitabu vinaandika "salio" vikapita zao. Balance ya benki kwa kawaida ni pesa yako, ya bili mara nyingi ni deni, na bili nyingine zinaweka tarakimu tupu bila neno. Natazama pembeni kama pana CR (credit) au DR (debit). Nikikosa, nawaambia waipigie simu kampuni.