Bunduki na hewa ya bahari Mjini Unguja

Mwenye bunduki ya leseni hapa Mjini akitaka ushauri wa kuihifadhi, huanza na habari ya wezi. Mimi humuuliza kwanza imewekwa wapi na mara ya mwisho ilifutwa lini. Chumvi huanza kunyonya maji hewani hadi kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na hewa yetu hupita hapo siku nyingi, Masika ndiyo usiseme. Upepo wa pwani huiacha chumvi juu ya mtutu, ikalowa, chuma kikaanza kuliwa bila tone la mvua.

Wengi humimina mafuta juu yake. Mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, na kutu ikaendelea chini kwa chini. Toa risasi zote, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, kisha futa chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa sana. Kausha, acha kwenye feni robo saa, ndipo upake mafuta membamba, hata ya cherehani yanafaa. Lakini hayo hukauka upesi, kwa hiyo rudia kila wiki. Mafuta ya nazi, hapana: huvunda na kunata, yakagandisha sefti (kizuizi cha usalama) na triga. Baada ya kuishika bunduki kwa mikono mitupu, ifute tena, maana jasho nalo ni maji ya chumvi.

Usiilaze ndani ya ala ya ngozi wala kuizongea kanga na mfuko wa plastiki. Vyote hufungia unyevu ndani.

Kasha la chuma lina shida yake katika Mji Mkongwe. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, na hunyonya maji toka chini. Bolti za kutanuka, zinazoshika vizuri kwenye zege, hapa husaga chokaa mpaka shimo likalegea. Afadhali nondo yenye hesi ipite ukuta mzima na kubanwa na bamba la chuma upande wa pili, ikiwa upande wa pili ni wako na si wa jirani, na ikiwa unaruhusiwa kuutoboa ukuta wenyewe. Popote utakapolifunga, liache sentimita tatu au nne mbali na ukuta kwa vipande vya plastiki ngumu, hewa ipite nyuma. Ndani tia vifuko vya silika, punje zinazonyonya unyevu, na uvikaushe kwenye oveni rangi ikibadilika. Mchele hausaidii, hualika wadudu tu.

Chumba chenye kiyoyozi ni mtego. Bunduki iliyopoa hadi nyuzi 22, ukiitoa nje kwenye joto la 30 na unyevu wa asilimia 80, hutoka jasho papo hapo, mpaka ndani ya mtutu. Iache mkobani umefungwa kama saa moja ipate joto kwanza.

Risasi ziwe kwenye chombo chao kisichopitisha hewa, mbali na bunduki, na usizipake mafuta: huweza kupenya na kuua fataki, kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi. Ukivuta triga isilie, shikilia mtutu upande salama kwa sekunde 30 kabla ya kufungua. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama hapo hapo, toa risasi zilizobaki na uchungulie mtutu. Risasi ikiwa imekwama ndani, inayofuata huweza kuupasua. Bunduki iliyokaa muda ichungulie vilevile, kwani dondora hupenda kuziba tundu kwa udongo.

Kuhusu kupiga, mjini hapana mahali. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 Mkoa wa Mjini Magharibi, karibu nusu ya Zanzibar nzima. Risasi ndogo ya .22 huweza kwenda kilomita moja na nusu, na popote utakaposimama Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, umbali huo ni mapaa ya mabati na watu chini yake. Marisau, zile punje za bunduki ya shotgun, ya namba 6 hufika kama mita 200, yale makubwa ya 00 kama 600.

Shamba nalo lina masharti. Kwanza idhini ya mwenye ardhi na ya polisi. Maweni, mashariki ya kisiwa, ardhi ni jiwe tupu na risasi hurudi au kuchepuka usikotarajia, kwa hiyo nyuma ya shabaha pawe na tuta la mchanga uliochekechwa, lisilo na mawe, refu kumpita mtu. Baharini usielekeze kamwe: maji huirusha risasi ikadunda mbele, na maji yakitoka wanawake wa mwani wamejaa Paje na Bwejuu, na wenye ngalawa pia wapo.

Masikio yazibwe hata kwa risasi moja, kwani mlio hupita desibeli 140. Ukirudi, safisha jioni ile ile kwa brashi ya shaba na vitambaa hadi kitoke kisafi, kisha kesho yake pitisha kingine. Mara nyingi hutoka cheusi tena.