Mwalikeni mfanyabiashara darasani, lakini msimpe kipaza sauti

Msimu uliopita tulimkaribisha darasani kwetu chuoni bibi mmoja mfanyabiashara wa karafuu wa Wete, Pemba. Familia yake hukodi mikarafuu, huajiri wachumaji, huanika na kupeleka kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Tulimwandalia jukwaa na projekta. Dakika kumi zikapita, hana alilosema ila kwamba biashara inataka subira.

Mwanafunzi mmoja akamwekea mezani viganja viwili vya karafuu. Bibi akaokota moja, akaivunja karibu na sikio. "Hii bado, mwanangu. Yapinda. Ikikauka hulia." Hapo ndipo somo lilipoanza. Alitueleza kwa nini karafuu mbichi hazilazwi rundo usiku kucha: hupata joto, zikafifia rangi, na daraja likashuka. Akatuonyesha hesabu ya mkodishwaji: kilo 3 mbichi hutoa kavu kama kilo 1 tu, kwa hiyo anayekubali bei kwa kutazama mti ulivyozaa bila kugawa kwa 3 ameshapata hasara.

Michael Polanyi, mwanafalsafa mzaliwa wa Hungaria, aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua mengi kuliko tunavyoweza kusema. Ndiyo maana mfanyabiashara ukimtaka atoe mhadhara hukwama, na ukimpa kitu mkononi ukamuuliza "umejuaje?" hufunguka. Hiyo ndiyo kazi ya mhadhiri aliye pembeni yake: kuuliza. Na bibi huyu alipwe kama mwalimu. Nauli ya boti na ahsante hazitoshi.

Faida haiishii chuoni. Biashara zetu ndogo nyingi zimo kichwani mwa mtu mmoja. Akiugua yeye, hata bei ya kukodi shamba haijulikani. Dawa yake haihitaji programu ya kompyuta. Chagueni kazi moja anayoijua mmoja tu. Kijana asimame naye akiifanya, aulize kila hatua, aandike kwa maneno yake yule mjuzi. Kisha mwengine asiyeijua ajaribu kwa kufuata daftari. Atakapokwama, hapo pana jambo halijaandikwa. Rudini mkaulize tena.

Wanafunzi wetu walimwandikia bibi daftari la namna hiyo, na mjukuu wake akamsomea ukurasa kwa ukurasa. Alisahihisha mstari mmoja. Wao waliandika "anika siku tano". Akataka pafutwe, paandikwe: "anika mpaka ilie".