Kuangalia mwongozo wa gemu sio kuchiti

Watu wamekariri kwamba ukifungua mwongozo tu umeshaharibu gemu, eti mchezaji wa kweli anajitafutia mwenyewe. Sio kweli jamani. Nintendo wenyewe, kampuni inayotengeneza gemu, walianza kutoa jarida la Nintendo Power huko Marekani mwaka 1988, limejaa ramani na mbinu, na walikuwa na laini ya simu kabisa, umekwama unapiga unaelekezwa. Kinachoharibu ni kusoma kabla hujajaribu, hasa mafumbo, maana fumbo ukishapewa jibu limekufa. Bosi, yaani yule adui mkubwa wa kwenye gemu, ni tofauti, hata ujue anarusha moto mara tatu halafu anapumzika, vidole vyako bado lazima vijifunze kukwepa. Umezunguka chumba kilekile saa nzima unatafuta funguo? Angalia hapo tu, funga, endelea kucheza.