Polipu ina kikonyo, haina mizizi

Baba mdogo alitolewa polipu Kampala, akarudi nyumbani Bombo siku hiyohiyo. Siku ya tisa akaona damu chooni, na kabla hata ya kupiga simu hospitali nyumba nzima ilikuwa imeshakata shauri: "Mizizi imebaki." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno.

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Nyingi hazigeuki saratani. Baadhi hugeuka baada ya miaka, ndiyo maana huondolewa mapema.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, "mwenye miguu mingi", na Wagiriki walimwita hivyo pweza. Waganga wao wakalitumia kwa vinyama vinavyoota puani, baadaye likashuka hadi tumboni. Lakini polipu ya utumbo haina miguu mingi. Ama imekalia ukuta kama chunjua, ama inaning'inia kwa kikonyo kimoja, kama embe. Ndani ya kikonyo hicho hupita mishipa ya damu. Chuma embe uone utomvu unavyochuruzika pale kikonyo kilipokatika: hatari ya kukata polipu iko papo hapo, kwenye jeraha.

Tangu mwaka 1969, Hiromi Shinya na William Wolff walipoanza kazi hii New York, polipu hukatwa kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira wenye kamera. Waya ukitiwa umeme, joto huziba mishipa na kidonda hufanya kigaga. Siku kadhaa baadaye, kwa kawaida ndani ya wiki mbili, kigaga hubanduka. Mshipa wa chini yake ukiwa haujapona, damu hutoka. Hakuna kilichoota upya.

Kwa hiyo polipu ndogo, chini ya milimita 10, siku hizi hukatwa bila umeme, na damu ya kuchelewa hupungua. Kikonyo kinene huchomwa kwanza sindano ya adrenalini au hufungwa. Jeraha kubwa, hasa upande wa kulia wa utumbo, huweza kubanwa kwa vibanio vidogo vya chuma ambavyo baadaye hutoka vyenyewe na choo.

Upande wa mgonjwa, kubwa ni kusema mapema kama anameza warfarini, klopidogreli au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Aseme, asiache mwenyewe: mwenye vali ya chuma moyoni anaweza kupata kiharusi kwa kuacha kienyeji. Akiumwa kichwa asikimbilie diklofenaki ya duka la dawa bila kuuliza. Na kwa wiki mbili asiende mbali na hospitali. Safari ya Kalangala, kwa mfano, yenye ziwa la kuvuka, ingoje.

Tone moja kwenye karatasi si la kutisha. Mabonge ya damu, kizunguzungu, homa, au tumbo linalouma na kukaza ni safari ya hospitali usiku huohuo, kwa sababu ukuta wa utumbo nao unaweza kutoboka.

Baba mdogo alipelekwa, mshipa ukabanwa, yuko salama. Ila angali anawaambia wageni kwamba alirudi kung'olewa mizizi. Hapana, baba. Kigaga kilibanduka.