Je, wajua kwa nini mwenye pumu hubanwa kifua baada ya kusimama, si akiwa mbioni?

Alfajiri ya Jumamosi hapa Goma utakutana na makundi ya wakimbiaji barabarani, nyimbo mdomoni, vumbi jeusi la volkano miguuni. Jirani yangu wa Katindo ana pumu, na huwa anakimbia nao. Njiani hana shida. Wakishasimama, watu wanapangusa jasho na kutaniana, zinapita dakika kama tano, ndipo yeye anaketi juu ya jiwe, mikono magotini, kifua kikilia filimbi. Wenzake humwambia, "Mama, acha, spoti haikufai." Wanamkosea.

Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, na pua hupata nafasi ya kuipasha joto na kuilowesha. Akikimbia, hufikia lita 50, hata 100, na nyingi hupitia mdomoni. Tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, asubuhi zetu zina baridi. Hewa hiyo ikiingia kavu, njia za hewa zenyewe ndizo huilowesha kwa maji yao. Utando wake unakauka na chumvi inakolea, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Asiye na pumu hata hajui kuna jambo. Kwa mwenye pumu, chembe za kinga zilizomo humo huchokozeka, humwaga histamini na kemikali nyinginezo, na misuli inayozunguka njia hizo inajikaza.

Basi mbona si palepale? Kwa sababu pumzi kubwa za mbio huivuta na kuinyoosha misuli hiyo kila mara. Ukisimama, pumzi zinapungua, kemikali zimo bado. Mbano hufika kilele dakika 5 hadi 15 baadaye, na kwa wengi hulegea ndani ya saa moja.

Kuna jambo ambalo mimi huliona la ajabu: karibu nusu ya watu hawa, wakishabanwa mara moja, kwa saa moja hadi tatu hawabanwi tena kwa nguvu ileile. Kupasha mwili kunaitumia siri hiyo: dakika 10 hadi 15 za kutembea upesi, ukichanganya na vipande vifupi vya mbio kali. Wengine daktari huwaandikia salbutamoli, dawa ya pampu inayolegeza njia za hewa, ya kuvuta dakika 15 kabla ya kuanza. Ila pampu hiyo ya bluu haitoshi peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unataka mtu mzima apate pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wa ndani. Na ukivuta pampu ya bluu bila nafuu, au ukashindwa kumaliza sentensi, panda pikipiki uende hospitali.

Kukaa nyumbani kuna gharama yake. Moyo na misuli iliyozoea kazi huhitaji hewa kidogo kwa mlima uleule. Isiyozoea humfanya mtu aheme hata akibeba bidoni ya maji.

Kuogelea huwafaa wengi, maana hewa ya juu ya maji ina unyevu, na ziwa Kivu tunalo mlangoni. Lakini chunga mabonde ya kando ya ziwa, magharibi mwa mji: humo mna mazuku, kaboni dioksidi nzito inayotuama hasa usiku na alfajiri, na hiyo huua hata mwenye mapafu mazima. Moshi wa volkano yetu, Nyiragongo, ukishuka mjini nao, pumzika siku hiyo. Una dioksidi ya salfa, na mwenye pumu huihisi kabla ya wengine.

Jirani yangu siku hizi hutoka robo saa mapema, peke yake, kitambaa mdomoni kimshikie unyevu. Kundi likimfikia, tayari anatokwa jasho, pampu mfukoni, na ndiye anayeanzisha wimbo.